Kaizari Hazibi Ndiva

"Kaizari hazibi ndiva, huziba jirani."

Mmelisikia neno hilo sasa hivi, mkacheka, na mimi nimewaona: mmecheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Msifuni alikuwa amesimama pale juu na simu yake, anasema tusijichoshe kuzoa tope, yeye anamjua mtu mkubwa mjini, ameshakula naye, atampigia tu mtambo uletwe. Mama yake, Mama Nakijwa, akamtupia jembe miguuni, na hilo neno akamtupia juu yake. Sasa Msifuni umekaa hapa umenuna, na wenzako wananiuliza, "Babu, Kaizari ndiye nani? Na ndiva ya milimani ilimhusu nini?"

Haya, wekeni makoleo chini. Makande hayajaiva, na mgongo wangu umekataa koleo siku hizi, ila mdomo bado unakubali. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa akafikiri. Ilitoka kinywani mwa mtu aliyelala kifudifudi, anapakwa mafuta ya kondoo. Chimbuko lake ni hili.

Kwanza niwaambie hilo jina. Mimi shule niliishia kuhesabu mbuzi, lakini niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja, akaniambia kwamba Kaizari, au Kaisari, kama mnavyolisikia likisomwa kanisani, zamani za zamani lilikuwa jina la mtu tu. Jina la kawaida, la kuitwa na mama yako uje kula. Mtu mwenyewe akawa mkubwa sana kwao, akafa, jina likabaki. Waliomfuata wakalivaa kama koti la marehemu. Huyu akifa analivaa yule, mpaka likaacha kuwa jina la mtu, likawa jina la kiti. Wadachi, hao Wajerumani, nao wakalichukua kwa mfalme wao mkuu. Wakaja nalo huku kwetu Upare, na huku likapata kazi nyingine ambazo hata wao hawakulitwika.

Aliyelileta hapa Vudeka hakuwa Mdachi. Alikuwa mtu wetu, Kajiru.

Kajiru alikuwa kijana wa kazi, mwenye mikono mipana na moyo mzuri, msije mkamfikiria vibaya mtakaposikia ya mbele. Alishuka bondeni kufanya kazi ya reli, akakaa huko mpaka ndevu zikamjaa. Aliporudi, watu walimkusanyikia wakitaka kusikia habari za gari la moshi. Yeye akawa anasimulia habari za neno.

"Nyie, huko kuna neno," aliwaambia. "Sururu likiwa lako, ukiliacha ukaenda kujisaidia, hulikuti. Likiwa la Kaizari, unaliacha njiani, linapigwa na mvua, linapigwa na jua, na watu elfu wanaliruka. Nyumbu wa Kaizari akila mtama wako unamtazama tu. Kuna bwana mmoja aliegemea nguzo ya Kaizari apumzike kidogo, alichapwa viboko hamsa ishirini."

"Na huyo Kaizari umemwona?" akauliza bibi mmoja mjane, anaitwa Kadeghe. Huyo ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, na ulimi wake ulikuwa unakata kuliko wembe wake.

"Hajaonwa na mtu. Yuko ng'ambo ya bahari."

"Ng'ambo ya bahari, na nguzo ya huku inamwuma mgongo?" Kadeghe akasema. "Kweli huyo ni mkubwa."

Watu wakacheka. Kajiru hakucheka. Alilibeba neno lile moyoni, maana alikuwa na jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa ndiva hii hii, hili bwawa letu la kumwagilia. Nyie mnaijua: maji ya kijito yanaingia usiku kucha, yanajaa, alfajiri kizibo kinavutwa, mwenye zamu anamwagilia shamba lake. Wa juu, yaani Vudeka, wana siku zao. Wa chini, Makasa, wana zao. Ndivyo walivyotuachia wazee. Na walituachia desturi nyingine, ambayo nyie mnaifanya bila kuuliza. Kila apitaye juu ya ukuta wa ndiva, awe anakwenda kuni, awe anakwenda msibani, anaokota bonge la udongo, analiweka ukutani, analishindilia kwa kisigino, kisha anaendelea na safari yake. Hakuna anayeambiwa. Mtoto anamwona mama yake, naye anafanya. Msaragambo, ule wa kupigiwa pembe watu wote watoke kama leo, ulikuwa kwa kazi kubwa za mara moja moja. Kilichoishika ndiva mwaka hadi mwaka ni visigino.

Sasa wakati Kajiru anarudi kutoka relini, wazee walimpa kazi ya kuangalia ndiva, na akakuta ugomvi. Kiangazi kilikuwa kikali. Kuna mtu wa Makasa, Sekiete, bonge la mtu, mgongo kama mlango, alikuwa anapanda alfajiri za siku zisizo zake na kuvuta kizibo. Kajiru akaenda kumkabili.

"Sekiete, leo si zamu yenu."

"Maharage yangu hayajui zamu. Yanajua kiu."

"Na yangu je?"

"Yako yana bwana wa reli wa kuyaangalia."

Maneno yakawa mikono, mikono ikawa panga, wazee wakafika kabla damu haijamwagika. Kajiru alirudi nyumbani. Alimwambia mkewe, Namkunda, "Mwaka huu tutazikana kwa ajili ya maji." Na alikuwa anasema kweli. Namkunda naye alikuwa ndiyo kwanza amepata mimba, mimba ya kwanza kukaa baada ya nyingine kuharibika. Nyumba yao ilikuwa pale chini kabisa ya ukuta, penye ule mgomba mnene. Basi Kajiru akalala na kuamka akiwaza namna ya kuleta amani.

Akakumbuka kwamba alirudi na kigingi. Kigingi cha wapima njia, kimepakwa mistari, mweusi, mweupe, mwekundu, rangi za bendera ya Wadachi. Alikuwa amekiokota kwenye takataka za reli. Akakichukua, akakipigilia katikati ya ukuta wa ndiva, akapuliza pembe. Watu wa juu na wa chini wakaja.

"Kuanzia leo," akasema, "ndiva hii ni ya Kaizari. Zamu ni zilezile. Lakini atakayegusa siku isiyo yake hagombani na mimi tena. Anagombana na Kaizari."

 Kisha Sekiete akasema, "Amekuja lini kuichimba?"

"Na mkewe yupo?" Kadeghe akadakia. "Kama yupo, mwambie msaragambo ujao tunamngoja, aje na ungo wake wa tope. Asiseme ana wageni."

Walicheka, naam. Lakini nawaambia, walicheka huku wanakitazama kile kigingi kwa pembe ya jicho. Kila mmoja alikuwa na ndugu aliyewahi kukamatwa abebe mizigo ya askari, au aliyechapwa. Walitawanyika polepole.

Na neno likafanya kazi! Sekiete hakupanda tena. Kizibo kilikuwa kinavutwa kwa zamu, kila mtu na siku yake, hakuna panga. Kajiru akawa anaamka na furaha. Aliwaza, nimewaletea watu wangu amani, na wala haikunigharimu kitu ila neno.

Neno lenyewe likaanza kutembea kijijini kama kuku asiye na mwenyewe. Mtoto akilia anaambiwa, "Nyamaza, nitamwita Kaizari." Jogoo wa mtu mmoja aliyekuwa mkorofi akaitwa Kaizari. Mtu akitaka kuaminiwa anaapa, "Haki ya Kaizari!" Wavulana wakicheza, anayepanda kichuguu anasema, "Mimi ndimi Kaizari," mpaka asukumwe. Hata Kajiru mwenyewe, akipita, walimwamkia kwa kuinama zaidi kuliko zamani, na yeye, ni binadamu, alianza kupenda. Akawa akiona mwanamke amekaribia ukuta na bonge lake la udongo, anamkoholea kwa mbali, "Mama, hapo pana mwenyewe." Yule mama anaduwaa na bonge mkononi, analiangusha njiani, anazunguka kupita kwa nyuma, kwenye miba.

Kilikuwa kitu kidogo tu hicho. Hakukusudia kuwafukuza, nadhani. Alitaka waheshimu.

Jioni moja Namkunda, tumbo limekuwa kubwa, akamwambia, "Mume wangu, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Hujasikia kitu, ndicho ninachokuuliza. Zamani nikilala hapa nilikuwa nasikia visigino juu ya ukuta tangu alfajiri. Du, du, du. Nilikuwa najua Kadeghe amepita, najua watoto wa kuni wamepita. Sasa sisikii mtu."

"Hiyo ndiyo amani," Kajiru akasema.

Namkunda alijigeuza upande wa pili. 

Mvua za vuli zikaja, na mwaka ule zilikuja kwa hasira. Fuko, yule mnyama wa chini asiye na macho, akatafuta pakavu pa kujificha. Akachimba ndani ya ukuta wa ndiva. Zamani asingethubutu, maana visigino vilikuwa vinamgongea paa kila saa. Sasa palikuwa pametulia, amejipatia nyumba ya kifahari. Maji yakafuata njia yake. Upande wa nje wa ukuta ukaanza kutoa jasho, kisha machozi.

Kadeghe aliona. Aliona akiwa anazunguka kule kwenye miba. Akasimama, akatazama bonge la udongo lililokuwa karibu na mguu wake, akakitazama kigingi. Akasema peke yake, "Nikishika udongo wa watu nitaulizwa nilikuwa natafuta nini." Akaenda zake. Sekiete naye aliona, kutokea shambani kwake Makasa. Akasema, "Ina mwenyewe." Nao walioliona tundu walikuwa wengi, na kila mmoja alisema moyoni, mwenyewe atakuja.

Sasa sikilizeni.

Jioni Namkunda alishikwa na uchungu. Kadeghe akaitwa, na mtoto akazaliwa salama, msichana. Lakini Namkunda alitoka damu nyingi, akawa hawezi hata kukaa. Kadeghe akamlaza, akasema asiinuliwe wala asibebwe, damu ikitibuka tena hatuna la kufanya. Kajiru alikaa mlangoni, anashukuru Mungu, anasinzia, anaamka, anashukuru tena. Mvua inapiga.

Kulipopambazuka alihisi miguu yake imelowa. Akadhani paa linavuja. Akatazama chini: maji yalikuwa yanapita kizingitini kama nyoka, membamba, yametulia, yana rangi ya udongo wa ndiva.

Alikimbia juu. Ukuta ulikuwa na tundu kama mdomo wa chungu, na maji yanatoka kwa kishindo, na kila pumzi tundu linamega pembeni. Ndiva imejaa mpaka ukingoni, na kijito kinaendelea kumimina. Alivuta kizibo ili maji yapungue. Yalitoka, lakini kama mtu anayepunguza bahari kwa kata. Akatupa mawe kwenye tundu, likayatema. Akatupa shuka lake, likalimeza. Akatazama chini, akaona paa la nyumba yake, na moshi mwembamba wa moto wa uzazi.

Akachukua pembe, akapuliza.

Wajukuu zangu, pembe ile ikipulizwa hapa, watu huwa wanatoka wanakimbia na majembe, kabla hawajajua kuna nini. Ndivyo ilivyokuwa tangu wazee. Kajiru alipuliza, akatazama mteremko wa Vudeka, akaona milango inafunguka, wanaume wanatoka. Akasema moyoni, asante Mungu. Kisha akawaona wanapinda. Hawaji. Wanakimbilia msituni, wengine nguo mkononi. Kwa nini? Kwa sababu pembe ilikuwa inalia penye kigingi cha Kaizari, na kitu cha Kaizari kikilia alfajiri, mwanamume mwenye akili anajua ni kukamatwa kwenda kubeba mizigo. Makasa nako vilevile, wanapanda upande wa pili kama mbuzi waliomwona chui.

Alipuliza mpaka midomo ikatoka damu. Kadiri alivyopuliza ndivyo walivyokimbia.

Hapo ndipo Kajiru alipoelewa. Hakuna aliyemweleza. Aliitupa pembe, akakishika kile kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa, akakirusha majini. Akasimama juu ya ukuta unaotetemeka, akapiga ukelele kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu:

"Jamani! Hakuna askari! Ni mimi Kajiru! Namkunda amejifungua, yuko chini hapa, hawezi kutembea! Jamani, ndiva inakwenda!"

Kadeghe naye akatoka mlangoni pale chini, kifua wazi, mikono bado ina damu ya uzazi, akapasua anga: "Nyie wanaume wa Vudeka! Nyie wa Makasa! Mnakimbia nini, mmeona mzuka? Mimi simwachi huyu mzazi, kama ni kufa tunakufa watatu, na nitawarudia usiku mmoja mmoja kwa majina!"

Wa kwanza kutokea alikuwa Sekiete. Alikuwa hajafika mbali, kwa vile ni mzito. Alikuja anahema, akasimama mbele ya tundu, akamtazama Kajiru.

"Mwite mwenyewe aje azibe," akasema.

"Yuko mbali, Sekiete."

"Mbali wapi?"

"Sijui. Ng'ambo. Sijawahi kumwona. Ndugu yangu, sijawahi hata kumwona."

Sekiete akatema mate pembeni. "Na mimi?"

"Wewe nakuona."

"Basi acha kulia, lete migomba."

Akageuka, akakaa chini ndani ya maji yale, akajisukuma kinyumenyume, akaupachika mgongo wake kwenye tundu. Mgongo kama mlango, si niliwaambia? Maji yakagonga, yakatafuta njia pembeni ya mbavu zake, yakakosa nguvu. Akakanyaga miguu kwenye jiwe, meno nje. "Lete migomba," akasema tena, "na usinishukuru sasa, napoteza pumzi kukusikiliza."

Kajiru alikata migomba kama mwendawazimu. Alipoinua kichwa, alikuta hayuko peke yake. Wanawake walikuwa wamefika na nyungo za udongo, watoto na mabonge, kisha wanaume, wanaona haya, hawatazamani. Mmoja alileta ngozi ya ng'ombe aliyokuwa analalia. Mmoja alileta mlango wa nyumba yake, ameung'oa mzimamzima. Walipanga mashina ya migomba, wakatandika ngozi, wakajaza udongo, wakapanda juu wakashindilia kwa visigino, Vudeka na Makasa mchanganyiko, hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Ndani ya nyumba, Namkunda alisikia kwa juu yake: du, du, du. Kadeghe alisimulia baadaye kwamba ndipo Namkunda alipofumba macho akalala usingizi.

Sekiete walimtoa baadaye kabisa, kwa kumvuta. Ngozi ya mgongo ilikuwa imebaki ukutani.

Walimbeba mpaka nyumbani kwa Kajiru, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na ina moto. Wakamlaza kifudifudi kwenye majani ya migomba, Kadeghe akawa anampaka mafuta ya kondoo. Watu wamejaa ndani na nje, wamelowa. Kajiru akasimama atoe shukrani. Hakuwa msemaji. Akashukuru Mungu. Akashukuru wazee waliokufa. Akamshukuru aliyeleta ngozi, akamshukuru aliyeleta mlango, akashika mikono ya watoto mmoja mmoja, akachanganyikiwa, akarudia walewale.

Kadeghe akainua macho kutoka kwenye mafuta yake. "Mbona wote umewataja ila mmoja? Mbona humshukuru Kaizari?"

 Kajiru akainamisha kichwa.

Na kutoka pale chini, mdomo umebanwa na majani, Sekiete akasema, "Mwacheni. Kaizari hazibi ndiva."

"Anaziba nani?" Kadeghe akauliza, anamfinya makusudi penye kidonda.

"Aii! Jirani! Huziba jirani! Niache, mama!"

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Kajiru alicheka na machozi yanamtoka. Tangu hapo neno lile likakaa.

Baadaye Kajiru alimwendea Sekiete na mbuzi na mtungi wa pombe ya dengelua, akamwuliza, "Nikupe nini, ndugu yangu? Mke wangu yu hai, mwanangu yu hai. Niambie tu." Sekiete aliinywa dengelua, mbuzi akamrudisha. Akasema, "Kesho ukipita pale, weka bonge." Basi. Na Kajiru aliweka bonge kila siku ya maisha yake. Hata alipozeeka, anashikwa mkono, alikuwa anapelekwa pale asubuhi, anakanyaga kwa kisigino chake cha kizee, na kila kisigino anataja jina: wa ngozi, wa mlango, Kadeghe, Sekiete.

Yule mtoto msichana alikua. Aliolewa hapa hapa, akazaa. Mmoja wa aliowazaa anawachelewesha kazi sasa hivi kwa hadithi. Kwa hiyo nikiwaambia nashukuru, sishukuru kwa mdomo tu. Ule mgongo usingetosha kwenye lile tundu, hapa mngekuwa mnasikiliza mvuke wa makande.

Na niwamalizie. Ilikuja vita, Wadachi wakaondoka, wakaja wengine na bendera nyingine na mfalme mwingine wa ng'ambo. Miaka baadaye askari wao akapanda huku, akamkuta Kajiru ameketi ukutani, akamwuliza kwa ukali, "Wewe mzee, bwawa hili la nani?"

Watu walishika roho. Kajiru alifikiri kidogo. Akasema, "La Kadeghe. La Sekiete. La Namkunda. La yule pale anayekwenda kuni, na la mama yake." Akaendelea kutaja, anataja tu, anataja, hata waliokufa akawataja, mpaka askari akachoka kusikiliza akashuka zake. Lile jina kubwa hakulitaja, la zamani wala jipya.

Sasa wewe Msifuni, hapo ulipoegemea, pametuna kidogo kuliko penginepo, unapaona? Panaitwa Mgongo wa Sekiete. Lile jina lingine lilikuwa la mtu, likawa la kiti, viti vyenyewe vimeshaanguka. Hili lilikuwa la mtu, likawa la ukuta, na ukuta bado unashika maji. Ndiyo maana mkifika hapo mnaona wakubwa wanavua viatu. Kisigino chenye kiatu hakisikii udongo.

Usinitazame mimi. Sikukatazi kumpigia huyo bwana wako wa mjini. Mpigie, umsalimie, kama ni mtu mwema ataitikia. Lakini vua viatu kwanza.

Haya, bonge hilo hapo. Weka. Kanyaga. Kwa kisigino, baba, kwa kisigino, unambembeleza nani? Ndiyo hivyo. Du, du, du. Mama Nakijwa, njoo umwone mwanao! Mwambie tena lile neno, sasa halitamwuma:

Kaizari hazibi ndiva, huziba jirani.